Klachi ya haidroliki: kiungo cha pedali, maneno yake na ufungaji wake

klachi nm [i-/zi-] (asili: Kiingereza)
1. kifaa kinachounganisha na kutenganisha mwendo wa injini na giaboksi ya gari: *~ ya lori hili ni nzito.*
2. pedali inayokiendesha kifaa hicho. Kikanyagio cha kushoto: *Kanyaga ~ kabla ya kubadilisha gia.*

kiungo cha klachi nm [ki-/vi-] jumla ya sehemu zinazopeleka nguvu ya mguu wa dereva kutoka kwenye pedali hadi kwenye klachi. Kiungo huwa cha fimbo, cha waya au cha haidroliki.

-a haidroliki kv -enye kuendeshwa kwa mgandamizo wa kiowevu: *breki za ~, jeki ya ~.*

Maana mbili katika neno moja

Kama kidahizo kinavyoonesha, neno *klachi* hubeba maana mbili: kifaa kilichofichwa baina ya injini na giaboksi, na pedali ambayo mguu unaigusa. Katika mazungumzo ya kawaida maana hizi huishi pamoja bila kugombana. Dereva akiambiwa *achia klachi polepole*, hajiulizi ni klachi ipi. Lakini gari linapoharibika, maana hizo mbili zikichanganywa gharama hupanda.

Mwenye gari anapofika karakana na kusema *klachi imekufa*, anaweza kuwa na maana kwamba bamba la klachi limelika hadi mwisho, au kwamba pedali imezama na hairudi. La kwanza ni kazi kubwa. Katika Land Rover za zamani, kwa mfano, bamba halifikiwi mpaka giaboksi itolewe, na kabla ya hapo sakafu na kisanduku cha viti vya mbele havina budi kung'olewa. La pili mara nyingi ni raba ndogo iliyochakaa ndani ya silinda, ambayo fundi huibadilisha bila kuigusa giaboksi. Tofauti baina ya kazi hizi mbili ni tofauti ya siku na saa, na ya fedha nyingi na kidogo.

Kwa hiyo matumizi yanayopendekezwa hapa ni haya: *klachi* itumike kwa kifaa chenyewe, *pedali ya klachi* (au *kikanyagio cha klachi*) kwa sehemu inayokanyagwa, na *kiungo cha klachi* kwa yote yaliyo baina ya hizo mbili. Baadhi ya waandishi huandika *kiunganishi cha klachi*. Si kosa, ila *kiunganishi* limekwisha kuzoeleka katika sarufi, ilhali *kiungo*, neno tunalolitumia kwa goti na kiwiko, linaeleza vizuri zaidi mahali ambapo mwendo hupokezwa kutoka sehemu moja hadi nyingine.

Sehemu na majina yake

Maelezo yafuatayo yanachukua mfano wa Land Rover, gari lililooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948 na ambalo kwa miongo mingi limekuwa sehemu ya mandhari ya barabara za vumbi za Afrika Mashariki. Toleo la mwanzo, Series I, lilikuwa na kiungo cha fimbo na nyenzo tupu. Series II ya mwaka 1958 ilileta kiungo cha haidroliki, na kikaendelea katika Series IIA ya 1961 na Series III iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Utaratibu wenyewe hautofautiani sana na ule wa magari mengine mengi ya miaka hiyo.

*Pedali* ni wenzo. Juu yake kuna egemeo, chini kuna bapa la kukanyagia, na karibu na egemeo kuna mahali inaposhikwa *fimbo ya kusukuma*. Fimbo huingia ndani ya *silinda ya juu*, ambayo karakana nyingi huiita *masta ya klachi*, na kusukuma pistoni yenye raba. Juu ya silinda, au kando yake, kuna *kopo la mafuta*. Kutoka silinda ya juu hutoka *bomba* jembamba la chuma, kisha *hosi* ya mpira, hadi *silinda ya chini*, iliyofungwa kwenye ubavu wa giaboksi. Pistoni ya silinda hii husukuma fimbo ya pili, nayo fimbo huusukuma wenzo wa klachi. Wenzo huisogeza *beringi ya klachi*, beringi hukandamiza vidole vya kifuniko cha klachi, na bamba huachana na gurudumu zito la injini.

Maneno *silinda ya juu* na *silinda ya chini* yanastahili kupendelewa katika maandishi. Mafundi wameyabuni wenyewe kwa kuangalia mahali silinda zilipo, na msomaji asiye fundi huyaelewa mara moja. *Masta* pekee lina utata, kwa kuwa gari lina masta ya breki pia, mara nyingi hatua moja tu kutoka ile ya klachi.

Jinsi kiungo kinavyofanya kazi

Kanuni yake iliwekwa wazi katika karne ya 17 na Mfaransa Blaise Pascal: mgandamizo unaotiwa katika kiowevu kilichofungiwa huenea sawasawa pande zote. Mafuta hayabinyiki kwa kiasi chochote cha maana, hivyo hufanya kazi ya fimbo ya chuma inayoweza kupinda kona.

Tuchukue hesabu ya mfano. Pedali ina milimita 300 kutoka egemeo hadi bapa, na milimita 60 kutoka egemeo hadi kwenye fimbo. Uwiano wake ni 5 kwa 1: mguu ukishuka milimita 150, fimbo husogea milimita 30, na nguvu ya mguu huzidishwa mara 5. Silinda ya juu ina kipenyo cha milimita 19 na ya chini milimita 22. Eneo la pistoni ya chini ni kubwa kuliko la pistoni ya juu kwa takriban mara 1.34. Kwa hiyo nguvu huongezeka tena mara 1.34, na mwendo hupungua kwa kiasi hichohicho. Kinachopatikana kwa nguvu hulipwa kwa mwendo. Fimbo ya juu ikisogea milimita 28.5 zenye kazi, ya chini husogea milimita 21 hivi.

Hapa ndipo penye sababu ya kutobadilisha silinda kiholela. Fundi akifunga silinda ya juu yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa kudhani kwamba kubwa ni bora, mwendo wa chini utaongezeka, lakini pedali itakuwa nzito, na beringi inaweza kusukumwa kupita mpaka wake. Akifunga ndogo zaidi, pedali itakuwa laini kwa kupendeza, ila klachi haitatengana yote. Silinda mbili hizi ni jozi, na vipimo vyake havina budi kutazamwa pamoja.

Kutengana kabisa, kurudi kabisa

Kiungo kilichofungwa vizuri hutimiza masharti mawili. Pedali ikikanyagwa hadi mwisho, klachi *hutengana kabisa*. Pedali ikiachiwa, kila sehemu *hurudi kabisa*. Mafundi chipukizi hujali sharti la kwanza na kulisahau la pili, kwa sababu kosa la kwanza hujitangaza papo hapo kwa gia zinazolia, ilhali la pili hufanya uharibifu wake kimya kimya.

Sharti la pili hulindwa na kitu kimoja kidogo: *nafasi*.

nafasi nm [i-/zi-] hapa: mwanya wa makusudi ulioachwa baina ya fimbo ya kusukuma na pistoni wakati pedali imeachiwa: *Hakikisha fimbo ina ~ kabla ya kukaza nati.*

Ndani ya silinda ya juu kuna tundu au vali ndogo ambayo hufunguka pistoni inaporudi hadi mwisho wake. Hapo mafuta ya bomba na mafuta ya kopo huwasiliana. Mafuta yaliyopanuka kwa joto hupata pa kwenda, na yaliyopungua hujaziwa. Fimbo ikiwa ndefu mno hata ikaibana pistoni isirudi, njia hiyo hubaki imefungwa. Gari likipata joto, mafuta hupanuka, hukosa njia, na huanza kuisukuma silinda ya chini bila mguu wowote kukanyaga. Klachi huanza kuteleza polepole, bamba huungua, na mwenye gari huambiwa kwamba bamba alilouziwa lilikuwa bandia. Kumbe kosa lilikuwa uzi wa nati mizunguko miwili tu.

Kwa Land Rover za aina hii nafasi ya fimbo ni takriban milimita 1.5. Kwa pedali yenye uwiano wa 5 kwa 1, mguu huisikia kama mwendo mtupu wa milimita 7 hadi 8 kabla ya pedali kuanza kuwa nzito. Gari jingine lina kipimo chake, na kitabu cha gari husika ndicho mwamuzi.

Kuna matumizi ya neno yanayopotosha hapa. Baadhi ya watu husema *pedali inacheza* kwa maana mbili zinazopingana: mwanya wa makusudi tuliouelezea, na ulegevu wa pini na bushi zilizolika. Wa kwanza ni afya, wa pili ni ugonjwa. Afadhali kuita wa kwanza *nafasi* na wa pili *ulegevu*. Fundi aliyeambiwa *ondoa mchezo kwenye pedali* anaweza kuuondoa mwanya uliopaswa kubaki na kuuacha ulegevu uliopaswa kuondolewa.

Kufunga kiungo, hatua kwa hatua

Kabla ya hatua, tanbihi ya kitenzi. *Funga* katika karakana lina maana tatu: kupachika kitu mahali pake (*funga silinda*), kukaza (*funga nati*), na kuziba (*funga skrubu ya hewa*). Katika maandishi ya maelekezo, ni vyema kutumia *pachika*, *kaza* na *ziba* kila panapokuwa na hatari ya kuchanganya. Hatua zifuatazo zinafuata kanuni hiyo.

1. *Lizuie gari.* Weka vizuizi kwenye magurudumu na uvute breki ya mkono. Kama ni lazima kuingia chini, gari likae juu ya vigoda vya chuma. Jeki peke yake haitegemewi. Funika rangi ya gari kwa kitambaa, kwa kuwa mafuta ya breki huila rangi. Tone likidondoka, lioshwe kwa maji mara moja.

2. *Kagua pedali ikiwa juu ya meza.* Katika Land Rover, pedali na kishikizi chake hutoka kwa pamoja kutoka kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Shika bapa na ulitikise upande kwa upande. Likiyumba, bushi za egemeo zimelika. Tazama pia tundu linaloshika fimbo. Tundu la mviringo lililogeuka kuwa la yai hupoteza mwendo kila linapotumika. Pakaa grisi kwenye egemeo na uhakikishe springi ya kurudisha pedali haijachoka.

3. *Pachika silinda ya juu.* Fimbo iingie ndani ya silinda ikiwa imenyooka. Fimbo inayokwenda upande huibana pistoni kwenye ukuta mmoja wa silinda, na raba hulika upande huo. Hili lina uzito wa pekee pale ambapo fundi anahamisha mfumo mzima kwenye gari ambalo awali lilikuwa na kiungo cha fimbo tupu. Katika hali hiyo pia, bamba la kushikilia silinda lazima liwe imara. Chuma chembamba kinachopinda pedali inapokanyagwa humeza mwendo ambao ungekwenda kwenye klachi.

4. *Pima nafasi.* Fimbo hushikwa kwenye pedali kwa nati mbili, moja kila upande wa kishikio. Legeza zote mbili, iache pistoni irudi hadi mwisho wake, weka nafasi iliyotajwa, kisha kaza nati moja dhidi ya nyingine huku fimbo ikizuiwa isizunguke. Pima tena baada ya kukaza, kwa kuwa nati huweza kuivuta fimbo wakati wa kukazwa.

5. *Laza bomba na hosi.* Bomba la chuma lifuate njia isiyo na mwinuko wa ghafla, maana kila mwinuko ni kituo cha hewa. Likae mbali na bomba la moshi. Baina ya mwili wa gari na giaboksi lazima iwepo hosi inayonyumbuka, kwa sababu injini hutikisika juu ya mipira yake na bomba gumu lingepasuka. Kila nati ya bomba ianzwe kwa vidole. Nati iliyoanzwa kwa spana inaweza kuingia kombo na kuharibu uzi wa silinda mpya.

6. *Pachika silinda ya chini.* Skrubu ya kutolea hewa iwe juu kabisa ya silinda, kwa kuwa hewa hupanda na haiwezi kushuka ili itoke. Katika Series II na IIA, chunguza pia mirija na pini zinazounganisha wenzo wa nje na ule wa ndani ya giaboksi. Pini hizi hulika, na ulegevu wake hula mwendo wa klachi hata kama silinda zote mbili ni mpya.

7. *Jaza mafuta na utoe hewa.* Hatua hii ina mambo yake, na sehemu mbili zinazofuata zimetengwa kwa ajili yake.

Mafuta ya breki si oili

Kiswahili kimekuwa karimu mno na neno *mafuta*. Tunapika kwa mafuta, tunajipaka mafuta, tunawasha taa kwa mafuta, gari linajazwa mafuta kwenye kituo cha mafuta, na kiowevu cha breki na klachi nacho tunakiita *mafuta ya breki*. Jina hilo limekwisha kukubalika na hakuna haja ya kulipiga vita. Lakini lina mtego: mtu anayesikia *mafuta* akakuta kopo limepungua, anaweza kulijazia oili ya injini iliyo karibu.

Mafuta ya breki ya kawaida, yaani DOT 3 na DOT 4, si mafuta kwa maana ya kemia. Ni kiowevu cha glikoli kinachochanganyika na maji. Raba za silinda zimetengenezwa kuendana nacho. Oili ya madini ikiingia, raba hizo huvimba na kulainika, pistoni hukwama, na dawa inakuwa kubadilisha kila raba na kuosha bomba zima. Katika Land Rover nyingi za Series II na IIA hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa kopo moja hulisha klachi na breki pamoja. Aliyetia oili kwa ajili ya klachi amezitilia sumu breki zake bila kujua.

Tofauti baina ya DOT 3 na DOT 4 ni joto la kuchemkia: kiwango cha chini kwa DOT 3 ikiwa mpya ni nyuzi 205 za Selsiasi, na kwa DOT 4 ni 230. Vyote viwili hufyonza unyevu wa hewa, na vikisha kufyonza, viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Unyevu huo pia hutia kutu kuta za silinda. Ndiyo maana chupa iliyokaa wazi kwa miezi, hasa katika hewa ya pwani, haifai kutumika hata kama inaonekana imejaa. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi na hizo mbili.

Katika maandishi, tuandike *mafuta ya breki* kwa ukamilifu kila mara, hata tunapozungumzia klachi, na tusifupishe kuwa *mafuta* au *oili*. Urefu wa maneno mawili ya ziada ni bei ndogo.

Kutoa hewa: amri tatu

toa hewa kt kuondoa viputo vya hewa katika mfumo wa haidroliki. Karakana nyingi husema *toa upepo*: *Tumebadilisha silinda, sasa tu~e hewa.*

Hewa hubinyika, mafuta hayabinyiki. Turudi kwenye hesabu yetu. Silinda ya juu husukuma takriban sentimita 8 za ujazo wa mafuta kwa kila mkanyago. Kukiwa na kiputo cha sentimita 2 za ujazo ndani ya bomba, mgandamizo wa kukanyaga kwa nguvu ya nyutoni 100 hukibinya hadi kisizidi kumoja ya kumi ya sentimita hiyo au karibu yake. Sentimita 1.9 hivi za mafuta zinakuwa zimetumika kubinya hewa tu. Karibu robo ya mwendo imepotea, na fimbo ya chini iliyopaswa kusogea milimita 21 inasogea 16. Klachi haitengani kabisa, na gia zinalia.

Kazi ya kutoa hewa hufanywa na watu wawili, mmoja akiwa kwenye pedali na mwingine chini ya gari, wasioonana. Wanategemea maneno tu. Mwenye pedali anaikanyaga taratibu hadi mwisho na kuizuia hapo. Wa chini anailegeza skrubu, mafuta na viputo vinatoka kupitia mpira mwembamba uliozamishwa ndani ya chupa yenye mafuta safi ya breki, kisha anaiziba. Ndipo pedali inaachiwa. Pedali ikiachiwa kabla skrubu haijazibwa, hewa hufyonzwa upya kupitia nyuzi za skrubu na kazi yote inaanza mwanzo.

Amri iliyozoeleka ni *kanyaga, shika, achia*. Tatizo liko katika *shika*. Kwa mwenye pedali lina maana ya kuzuia pedali chini. Lakini tunasema pia *klachi inashika*, kwa maana kwamba bamba limekamata, hali inayotokea pedali inapokuwa juu. Msaidizi ambaye ni dereva mzoefu lakini hajawahi kufanya kazi hii anaweza kusikia *shika* na kuuinua mguu. Amri isiyo na utata ni *zuia chini*. Vivyo hivyo, *achia* lisitamkwe na yeyote isipokuwa aliye kwenye skrubu, na mwenye pedali alirudie kabla ya kulitii:

— Kanyaga!
— Nimekanyaga.
— Zuia chini!
— Nimezuia.
(Skrubu inalegezwa, inazibwa.)
— Achia!
— Naachia.

Kuitikiana huku kunaweza kuonekana kama mchezo wa watoto, lakini hakuna njia nyepesi zaidi ya kuhakikisha kwamba watu wawili wasioonana wanatenda jambo moja. Kazi irudiwe mpaka mafuta yatoke bila kiputo, na kopo litazamwe kila baada ya mikanyago michache lisije likakauka. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe.

Kulijaribu gari, na maneno ya kueleza dalili

Washa injini gari likiwa halina gia na magurudumu yamezuiwa. Kanyaga pedali hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha ingiza gia ya kurudi nyuma. Ikiingia kimya, klachi inatengana. Ikilia, bado kuna kitu baina ya bamba na injini kinachoburuta. Endesha gari mpaka lipate joto, halafu pima nafasi ya fimbo upya. Ikiwa imetoweka, usiendelee na safari.

Dalili zielezwe kwa maneno yanayoonesha upande wa tatizo:

*klachi inaburuta*: pedali imekanyagwa lakini bamba halijaachana na injini, gia hulia au hugoma kuingia. Chanzo cha kuchunguza kwanza ni hewa, ulegevu, au silinda inayovuja.

*klachi inateleza*: pedali imeachiwa lakini bamba halikamati vizuri, injini hupiga kelele kilimani na gari haliendi. Chunguza kwanza kama nafasi ya fimbo ipo, kisha ndipo ulitilie shaka bamba.

*pedali inazama*: mguu umetulia lakini pedali inaendelea kushuka. Mafuta yanapita raba mahali fulani, ndani au nje. Tafuta unyevu kwenye mdomo wa silinda zote mbili.

*pedali ni sponji*: pedali inabonyea bila ugumu unaoeleweka. Ni hewa.

*pedali hairudi*: springi imechoka, egemeo limekauka, au raba imevimba. Uliza kwanza kopo lilijazwa nini mara ya mwisho.

Msemo *klachi imekwisha* uwekewe akiba kwa bamba lililolika, na utamkwe baada ya yote yaliyotangulia kuchunguzwa. Ukitamkwa mapema, giaboksi hushushwa bure.

Tazama pia: beringi, breki, giaboksi, karakana, mafuta, nafasi, raba, toa (hewa), wenzo.